Balasti Ile Haikuwa na Kosa

Niseme mapema, msomaji asinisubiri hadi mwisho: balasti ile ya kulia, boksi inayolisha umeme taa ya mbele, haikuwa na kosa. Fundi kutoka Bunia aliyeinamia pua ya ile Prius ya mwaka 2006 hapa Boga, Ituri, alifanya mengi mazuri siku ile, lakini alipofika kwenye jambo lenyewe alichagua vibaya, na mwenye gari akalipia dola za kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Mlioshuhudia mnajua mwisho wake. Taa ilikata tena kabla gari halijafika Geti.

Yaliyokuwa sawa tumpe haki yake: bampa lilitoka bila klipu kuvunjika, waya wa masi ulisuguliwa hadi shaba ikaonekana, na nyaya za rangi ya chungwa, zile za umeme mkubwa, hazikuguswa. Basi. Turudi kwenye kosa.

Dalili zilikuwa wazi kwa kila aliyesimama pale. Taa ya kulia inawaka vizuri gari likianza safari. Baada ya mwendo kidogo nuru inapoteza weupe, inaingia waridi, inapepesa, halafu giza. Dereva anazima swichi, anahesabu moja mbili, anawasha: taa imerudi. Inakaa tena muda, inakata tena. Upande wa kushoto, kimya, hauna shida. Mwenye gari alieleza yote hayo kwa utaratibu, hata ile rangi ya waridi akaitaja, tena mara mbili.

Sasa angalieni fundi alichofanya. Bampa liko chini kwenye turubai. Taa zote mbili ziko wazi, balbu ya kulia na ya kushoto zinafikika kwa mkono, jambo ambalo kwenye gari hili ni bahati, kwa sababu Prius ya kizazi kile ilijengwa na mtu asiyewapenda mafundi. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja chini ya taa, ukatoa plagi ya balasti, akaitazama ile boksi ya chuma, akaigonga kwa kucha, akatamka: imekufa. Hakukuwa na mita mkononi. Hakuna kilichopimwa. Simu ikapigwa Kampala, kwenye vipuri vya mtumba, na siku zilizofuata gari lilikaa bila pua likisubiri boksi.

Uamuzi ule ndio ninaoukataa, na ninaukataa kwa sababu jaribio lililotakiwa lilikuwa la bure. Hamisha balbu. Ya kulia iende kushoto, ya kushoto ije kulia, washa, subiri zipate moto. Ugonjwa ukihama na balbu, balbu ndiyo mgonjwa. Ukibaki kulia, hapo una haki ya kushuku balasti, plagi au waya. Balasti nayo huweza kukata na kurudi, hasa ikiingia unyevu, sikatai. Ndiyo maana jaribio lipo, ili mtu asibishane na macho yake. Bampa lilikuwa limeshatoka! Kazi ngumu ilikwisha, ikabaki ya dakika chache, na hiyo ndiyo iliyorukwa.

Wapo walioniambia fundi hakuwa na njia, kwamba balasti za aina hii zinajulikana kufa. Kujulikana kufa si kufa. Na hata kama ilikuwa inachechemea, kuweka balasti nyingine nyuma ya balbu iliyochoka ni kuipeleka kaburini nayo, maana balbu mbovu huilazimisha kufanya kazi isiyo yake kila ikiwashwa.

Tukumbushane mambo yanavyokwenda ndani ya taa hizi. Balbu ya zenoni haina waya unaowaka kama balbu za zamani. Ndani yake kuna ncha mbili na gesi katikati. Balasti hupokea volti 12 za gari, ikarusha mshituko unaozidi volti 20,000 ili cheche iruke kutoka ncha moja hadi nyingine, kisha ikishashika hupunguza na kuitunza kwa wati 35. Kwenye balbu za aina ya D2R cheche hiyo hukaa karibu na volti 85. Kwenye D4R, zile zisizo na zebaki, hukaa karibu na 42. Kwa hiyo D2R na D4R hazibadilishani, hata muuzaji akuapie.

Balbu ikizeeka, na maisha yake ni kama saa 2,000 hadi 3,000, ncha zinaliwa na chumvi za ndani zinabadilika. Rangi inahama, volti zinazohitajika zinapanda. Balasti inafuata, inafuata, hadi inafika mpaka iliowekewa, na hapo inajikata yenyewe ili isiungue. Ukizima swichi unaifuta kumbukumbu. Ukiwasha, inaanza upya na balbu iliyopoa kidogo, inakubali. Kukata na kurudi kule, basi, kulikuwa balasti ikijilinda. Boksi ile ilikuwa ikifanya kazi yake vizuri kuliko mtu aliyeihukumu.

Na ile waridi! Ingekuwa mimi ni refa ningesimamisha mchezo pale mwenye gari alipoitaja. Kila anayefahamu taa za zenoni anajua kwamba rangi inayoelekea waridi au zambarau ni balbu inayoaga. Ushahidi ulitolewa na shahidi aliyekuwa kwenye usukani, usiku, gizani, akaambiwa asubiri nje ya mahakama.

Kosa hili si la Boga peke yake. Marekani nako walilipitia, kwa pesa nyingi zaidi. Wenye Prius zenye taa za zenoni walijaza malalamiko kwenye shirika la usalama barabarani la nchi ile, NHTSA: taa inazimika ghafla barabara kuu, unazima na kuwasha, inarudi. Kesi ya pamoja ikafunguliwa, na Toyota ikaingia mapatano yaliyohusu Prius za 2006 hadi 2009. Kule kulikuwa na balasti zilizokufa kweli, na kulikuwa na wengi waliobadilisha balbu tu wakaondoka wakitabasamu. Waliopoteza ni wale walioanza na kipuri cha bei kubwa. Gari ni lile lile, dalili ni zile zile, na sisi tulikuwa na zaidi ya muongo mmoja wa kujifunza kwao.

Hapa niiguse mashine, na wanaonijua wamekwisha kucheka. Kabla ya yote fundi alichomeka mashine ya kusoma makosa chini ya usukani, ikasema gari safi, na huo ukawa ndio uchunguzi. Nimelalamika miaka yote kuhusu mashine hizi na nitaendelea. Kompyuta ya Prius inajua habari za betri kubwa, inveta na injini. Habari za balbu iliyochoka upande wa kulia usizitegemee kutoka kwake. Mashine ikinyamaza, maana yake haijaulizwa swali sahihi. Badala ya kuisoma skrini, angepima volti kwenye plagi ya taa huku taa inawaka. Angeangalia pia ile betri ndogo ya volti 12 iliyofichwa nyuma kulia kwenye buti, ambayo watu hawaikumbuki kwa sababu akili yote iko kwenye betri kubwa. Gari likiwa tayari kwa mwendo, ukipata karibu volti 14 kwenye nguzo zake, umeme wa kulisha taa upo na unaendelea mbele. Ukipata 11 na kitu, una kesi nyingine kabisa.

Kuna na suala la saa. Taa ilijaribiwa mchana, jua la utosi, gari limesimama. Ikawaka, watu wakapiga makofi, kazi ikahesabiwa imekwisha. Naelewa kwa nini: tangu hali ya kuzingirwa (état de siège) ilipoanza Ituri na Kivu Kaskazini Mei 2021, na kwa jinsi usalama wa barabara zetu ulivyo, nani anataka kuzungusha gari gizani kwa ajili ya majaribio? Lakini ugonjwa unaokuja na joto haupimwi kwa dakika mbili. Liegeshe uani, washa taa, mwache fundi anywe chai yake nusu saa nzima akiitazama. Kisha atikise plagi na nyaya moja moja huku taa inawaka, kwa sababu barabara ya Boga, Aveba na Geti hutikisa kuliko mkono wowote.

Wakati tuko kwenye taa, acheni niseme la zamani ambalo hakuna anayetaka kulisikia. Magari haya yametengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto. Yanatua Mombasa au Dar es Salaam, yanapita Uganda, yanaingia kwetu Kasindi au Mahagi. Uganda tangu 2018 haipokei gari lililozidi miaka 15, Kenya haipokei lililozidi 8, kwa hiyo linalotufikia limekwishazunguka mikono mingi. Sisi Congo tunaendesha kulia. Taa ya gari la kushoto hunyanyua mwanga wake upande wa kushoto, ili kumulika ukingo wa barabara. Lilete huku: mwanga ule ulionyanyuka unaingia machoni mwa anayekuja mbele yako. Basi hata tukizitengeneza taa hizi zikawaka bila kukata, nusu ya watu wa barabarani tunawapofusha. Nimeandika hivi mara kwa mara na bado sijaona garaji linalotenga ukuta mweupe na kupima mwanga unaanguka wapi.

Na wale mnaotaka kumaliza ubishi kwa kuvua zenoni na kuchomeka balbu za LED za bluu za kando ya barabara, msiniletee. Herufi R kwenye D4R ina maana balbu imepakwa rangi nyeusi sehemu fulani kwa ajili ya kioo cha kuakisi kilichopimwa kwa vipimo vyake. Ukiweka chanzo cha nuru chenye umbo jingine, mwanga unatapakaa hovyo, kwako unaonekana mkali na barabara huioni.

Na kupima kabla ya kuhukumu si jambo geni kwetu. Tulikuwa na mafundi. Joginder Singh alishinda Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwishatumika, gari la mtumba kama yetu, halafu akarudi kushinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Bert Shankland wa Dar es Salaam na Chris Rothwell walichukua 1966 na 1967 mfululizo kwa Peugeot 404. Mwaka 1968, Nick Nowicki alipoishinda tena na 404, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mashindano yale yalikwenda usiku na mchana kwenye tope na vumbi, na taa ikizimika hakukuwa na Kampala ya kupiga simu. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mtu wa namna ile hagongi boksi kwa kucha na kutangaza kifo. Kizazi cha mafundi waliolelewa na Peugeot na Land Rover walitembea na balbu ndogo iliyofungwa nyaya mbili, wakaifuata njia ya umeme kutoka betri hadi taa, hatua kwa hatua, hadi umeme ulipopotea. Chombo kile hakikuwa na skrini na hakikuwahi kuwadanganya. Prius ina mambo ambayo wao hawakuyaona, na hakuna anayetaka wachomeke balbu ile kwenye nyaya za chungwa, zinazobeba zaidi ya volti 200 kutoka betri kubwa. Utaratibu wao ndio tuliouacha, na ndio uliokosekana pale Boga.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu, mwenye kupinga aje na hoja. Kwanza betri ya volti 12 na chaji yake. Pili masi, na hilo fundi wetu alilifanya. Tatu volti kwenye plagi ya taa, taa ikiwaka. Nne balbu zibadilishane upande, umeme ukiwa umezimwa na balbu zimepoa, bila kidole kugusa kioo chake. Tano, kama ugonjwa haukuhama, balasti nazo zibadilishane upande, kwa sababu unazo mbili ndani ya gari na hakuna haja ya kununua ya tatu ili kujua. Baada ya hapo ndipo dukani. Na balbu zikinunuliwa, zinunuliwe mbili, aina iliyoandikwa kwenye zile za zamani, maana ya kushoto ina saa zile zile za kazi na itafuata.

Kwa mwenye Prius yoyote kati ya Boga na Bunia, neno langu ni moja. Fundi akikuambia balasti imekufa, usitoe hata dola. Mwambie akuonyeshe kwanza balbu ya kulia ikiwaka upande wa kushoto. Akikataa, tafuta fundi mwingine.