Akeri 1896: Ruhusa ya Mangi Haikutosha

Habari ya Akeri kila Mlutheri wa mteremko huu wa Mlima Meru anaijua. Kuanzia Nkoaranga hadi Ilboru, na huku kwetu Ngaramtoni, watoto wa shule ya Jumapili husimuliwa jinsi wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock walivyouawa usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896. Hutajwa kama mashahidi wa imani, na mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na sisi tunaofanya kazi ya kuwashirikisha wananchi katika ukarabati wa makanisa ya kale: tumeiacha habari hii ikae kwenye mahubiri tu, ilhali ndiyo somo kubwa kuliko yote la kazi yetu. Wale vijana wawili walikosea. Walipiga kambi wakiwa na neno la mtu mmoja mkononi, huku jeshi likiwa jirani.

Tuanze na lile neno. Mangi Matunda, mtawala wa Meru, aliwakubali. Kwa macho ya mtu aliyetoka Machame au Moshi, hapo kazi ilikuwa imekwisha, kwa sababu Uchagani ukimpata mangi umeipata nchi. Misheni ya Leipzig ilikuwa imejifunza kazi yake Kilimanjaro tangu 1893, na ikaja Meru na kanuni ileile. Hapa haikufaa. Miaka ya 1880 vijana wa Kimeru walikuwa wameingia katika rika moja na vijana wa Kiarusha, rika la Talala. Rika hilo lilivuka mpaka wa Wameru na Waarusha, likawa na wasemaji wake na heshima yake, na mangi wa upande mmoja hakuwa na kamba ya kulifunga. Matunda alitoa ruhusa aliyokuwa nayo, na ruhusa hiyo iliishia mlangoni kwa moran, wapiganaji wa rika hilo. Aliyepaswa kukaa na Talala, kuwasikiliza, hata kukataliwa nao na kurudi tena mwaka unaofuata, hakufanya hivyo.

Sasa jeshi. Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kituo cha Moshi, alikuwa amepiga kambi na askari wake si mbali na wamisionari. Moran wa Meru walikuwa na habari za mlimani. Walijua Sina wa Kibosho alivyopigwa na Wajerumani 1891, na Meli wa Moshi 1893. Mtu wa bunduki akija kwako, na siku hizohizo wakaja wazungu wengine wanaosema wao wametumwa na Mungu tu, wewe uliyeketi juu ya kilima unaziangalia kambi mbili utazitofautishaje? Ovir na Segebrock wangeweza kungoja Johannes aondoke. Wangeweza kubaki Machame msimu mzima. Hakuna kalenda ya Leipzig iliyokuwa na uzito wa kuwalazimisha kuingia Meru wiki ileile na bunduki za serikali. Hapa ndipo ninaposimama kila mara ninapoisoma habari hii, na kila mara naona mlango uliokuwa wazi wa kutokea.

Tena waliongozana na Wachaga, watu ambao Waarusha na Wameru walikuwa wamepigana nao na kunyang'anyana ng'ombe kwa miaka. Machoni pa Talala ule haukuwa msafara wa Injili. Wachaga watano waliuawa pamoja na wamisionari, na kwa miaka mingi nimekuwa nikidai jambo moja bila kusikilizwa: maandishi yoyote ya kumbukumbu ya Akeri yawataje hao watano, na yaitaje Talala kwa jina la rika badala ya "wapagani". Wazee wa Kimeru na wa Kiarusha wayasome kwanza, kabla fundi hajachonga.

Najua nitaambiwa walikuwa vijana wa miaka ya ishirini na kitu kutoka nchi za Baltiki, na kwamba zama zile hakuna mzungu aliyejua zaidi. Si kweli. Miaka karibu hamsini kabla yao, 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliingia Uchagani kutoka Rabai na msafara mdogo, mwavuli mkononi, akiongozwa na Bwana Kheri wa Mombasa, mtu wa misafara aliyezijua njia na wenyeji wake. Mwaka uliofuata Mangi Mamkinga wa Machame alimkamua mali yake yote. Akarudi Rabai mikono mitupu, akiwa hai, na hakuna kijiji kilichochomwa kwa ajili yake. Rebmann aliijua thamani ya kuongozana na mtu anayeaminika, na alikubali kupoteza mali kuliko kuja na askari.

Baada ya Akeri vijiji vilichomwa. Kapteni Johannes alirudi na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga, ng'ombe wakachukuliwa, migomba ikakatwa. Mwaka 1900 viongozi wa mlimani walinyongwa Moshi, na miongoni mwao alikuwamo mangi wa Meru. Waarusha na Wameru wakashurutishwa kujenga Boma la Arusha, hilohilo ambalo leo ni makumbusho. Tunapowapeleka wageni Bomani asubuhi na kanisani mchana, tunayasimulia kama mambo mawili yasiyohusiana. Bibi aliyeketi benchi la mwisho pale kanisani hayatenganishi hata kidogo, na ndiyo maana anatuangalia vile tunapomwomba atusimulie "historia nzuri ya kanisa".

Kosa lile la kuridhika na neno la Matunda tunalirudia mpaka leo, na hili linanichoma. Kamati inataka kukarabati kanisa la mawe la zama za Wajerumani. Inapata sahihi tatu: mchungaji, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji. Mkutano unaitishwa siku ya gulio, akina mama wote wako sokoni na vitunguu na ndizi zao. Waliohudhuria wanatia saini daftari, wanapewa soda na posho, na ripoti inaandikwa kwamba jamii imeshirikishwa. Mchoro ulikuwa tayari tangu mwezi uliopita. Laigwanani, msemaji wa rika, hajaulizwa, na vijana wa rika lililo kazini sasa, ambao ndio watakaolilinda jengo hilo miaka thelathini ijayo, wamesikia habari kwa mtu wa bodaboda. Baadaye lori la mchanga linazuiwa njiani, na watu wazima na elimu zao wanashangaa.

Wamisionari waliokuja baada yao 1902, Arno Krause na Karl Fickert, walifanya kazi njema, na Ilboru ilipoanzishwa 1904 misheni ilikuja kwa utulivu zaidi. Leonhard Blumer alijifunza Kimaasai, akaongea na Waarusha bila mkalimani.

Lakini mtu ninayetaka kila kijana wa kazi hii amjue ni Lazaros Laiser. Wajerumani walipofukuzwa 1920, kazi ya Ilboru haikuzimika, kwa sababu walimu wenyeji kama Laiser waliibeba. Alikuwa Mwarusha kati ya Waarusha. Alijua rika gani linaketi wapi, na nani akinyamaza kikaoni maana yake ni hapana. Baadaye akabarikiwa kuwa mchungaji. Kule Old Moshi, mmisionari Bruno Gutmann alifikia ukweli huohuo kwa njia ya vitabu na miaka mingi, akaujenga usharika juu ya koo, ujirani na rika. Laiser hakuhitaji kuufikia. Alizaliwa ndani yake.

Na kama mtu anataka kuona ushirikishwaji uliofanywa na Wameru wenyewe, kwa mikono yao, bila mfadhili, atazame 1951. Serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi ardhi. Fidia ilikataliwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, kijana aliyesoma shule za misheni, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, na nauli yake ilitoka mifukoni mwa watu wa mlima huu. Haikutosha mangi kukubali, wala wachungaji kukubali. Koo ziliketi, wazee wakazunguka, kila boma likajua mchango ni wa nini na anayetumwa ni nani. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi. Lakini Kirilo aliporudi, hakukuwa na mtu Meru aliyeweza kusema hakuulizwa.