Mshipi Uliokatwa: Picha za Thor katika Pwani ya Ras al Hadd

Hivi karibuni mpwa wangu alinialika Ras al Hadd kutazama picha zake kumi na moja, alizozitundika sebuleni kwa bibi yake. Ni picha za kuunganisha: bahari kaipiga siku moja, hori siku nyingine, watu kawapiga uwani, kisha kompyuta ikachanganya vyote. Hadithi kaichukua kwa Waskandinavia wa kale, Thor mwenye nyundo alivyokwenda kulivua joka lililoizunguka dunia baharini. (Msishtuke, hapana aliyebadili dini, ni ngano tu, kama zetu za majini.)

Wapo waliomuuliza kwa nini hakuchukua ngano za kwetu. Hapo mimi sina ugomvi naye. Hadithi ile ni ya wavuvi, na Ras al Hadd ni ya wavuvi. Snorri wa Iceland aliiandika karne ya 13: chambo ni kichwa cha ng'ombe, joka linanasa, na jitu Hymir, mwenye chombo, linaingiwa na hofu na kuukata mshipi. Kwenye jiwe la Altuna, huko Sweden, Thor kachongwa mguu wake umetoboa chombo kwa nguvu za kuvuta. Aliyepata kuvutana na papa hahitaji kuelezwa.

Ugomvi wangu ni kazi yenyewe. Picha ya tatu ina jua jekundu linalozama nyuma ya Thor. Lakini pwani ile ni ya Ras al Jinz, inayotazama mashariki. Jua huchomoza baharini pale, halizami. Katika ya tano kivuli cha hori kinakwenda kulia na cha mtu kushoto. Na kasa! Pwani ile imehifadhiwa kwa ajili yao tangu 1996, nao hupanda kutaga usiku. Yeye kawapanga mchana wa jua kali kama viatu mlangoni mwa msikiti.

Fani hii haikuanza na kompyuta. Oscar Rejlander, Mswidi aliyehamia Uingereza, aliunganisha negativu kama 30 mwaka 1857 akapata picha moja kubwa, na Malkia Victoria akanunua nakala. Kwetu Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki 1993, alikata sura za wateja wake kwa mkasi akazipachika pasipokuwa pao. Hawakuwa na kitufe cha kurudisha nyuma. Mkasi ukishapita umepita, basi mtu alifikiri kwanza.

Picha ya tisa ndiyo iliyonikalisha chini. Humo Hymir kashika kisu, na uso wake ni wa marehemu baba yangu.

Baba alibaki Unguja 1964. Mama alikuja huku na sisi watoto, na hawakuonana tena. Katika miaka ya sabini mama alipeleka studio picha ndogo ya pasipoti ya baba pamoja na yake mwenyewe, wakaunganishwa wakawa wamekaa bega kwa bega. Bega la baba ni kubwa mno, na shingoni mstari wa mkasi unaonekana mpaka leo. Hapana aliyepata kuucheka. Mpwa wangu kautoa uso huo mle, kaukuza mpaka chembechembe zikatoka, na safari hii hakulainisha kitu. Macho ya pasipoti yanatazama mbele, si joka wala Thor. Mkono unakata mshipi, uso haujui. Katika zote kumi na moja, hii ndiyo pekee ambayo mshono una kazi.

Mama aliitazama muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, babu yako umemtia woga. Hakuukata yeye."

Kijana alijibu kwa adabu kwamba Hymir si mwoga, bali aliokoa chombo. Mimi nakubaliana naye kuhusu Hymir. Lakini mama hakuwa akizungumzia Hymir, na uso ule, kabla ya kuwa wa sanaa, ulikuwa wake. Kumuomba ruhusa kungemgharimu kijana kikombe kimoja cha kahawa.

Nimemwambia asiifute, na zile za jua la kuzama azitupe. Yeye kafanya kinyume. Kumi bado ziko ukutani, na ya tisa kaiteremsha usiku uleule. Niliporudi wiki iliyofuata msumari ulikuwapo, na mama kautundikia tasbihi yake.