Pidcock alimsubiri wa nini?

Tom Pidcock hakuipoteza mbio ya baiskeli ya Strade Bianche ya 2025 pale Colle Pinzuto. Picha za Tadej Pogačar akimwacha kwenye ule mwinuko, zikiwa zimebaki kilomita 19 hivi, zimerudiwa mpaka zimechosha, na hazina fumbo lolote: mwenye miguu alimwacha asiye nayo. Mbio ziliamuliwa kilomita 30 kabla ya hapo, juu ya lami, Pidcock alipoacha kukanyaga pedali, akageuza shingo na kuanza kumtafuta mtu aliyekuwa amelala kwenye magugu.

Turudi kwenye kona yenyewe. Pogačar alikuwa ameshambulia Monte Sante Marie, ile changarawe nyeupe ya kilomita zaidi ya 11 inayopanda na kushuka katika vilima vya Crete Senesi, na Pidcock akamudu kumfuata. Connor Swift naye akawa nao. Watatu mbele, kundi limeachwa, kilomita 50 zimebaki. Ukaja mteremko wa lami. Pogačar anaongoza, amevaa jezi ya upinde wa mvua ya bingwa wa dunia, anaingia kona kwa kasi ambayo tairi haikuweza kuibeba. Gurudumu la mbele likamponyoka, akaburuzika barabarani, akabiringika hadi nje ya njia.

Kosa hilo lina maelezo. Anayetoka kwenye changarawe anaingia kwenye lami akiwa na tairi zenye vumbi na upepo mdogo. Kelele zinaisha ghafla, usukani unaacha kutetemeka, mwili unadhani hatari imepita. Hapo ndipo mkono unachelewa kwenye breki. Breki hupigwa kabla ya kona. Ndani ya kona gurudumu la mbele lina kazi moja tu, kugeuza, na ukilidai kazi ya pili litakuangusha. Pogačar alilidai. Swift na Pidcock, waliokuwa nyuma yake kwenye kona hiyo hiyo, lami ile ile, vumbi lile lile, walipita wima.

Sasa niambieni, hapo kuna ajali gani ya kusubiriwa? Pancha ni bahati mbaya. Mnyororo ukikatika ni bahati mbaya. Pikipiki ya mpiga picha ikikugonga, nitasubiri pamoja nawe. Lakini kushuka mlima ni sehemu ya mtihani, tena ni somo ambalo Pidcock analiweza kuliko karibu kila mtu kwenye kundi kuu: medali mbili za dhahabu za Olimpiki za baiskeli za milimani, Tokyo na Paris, na ubingwa wa dunia wa saiklokrosi wa 2022. Mpinzani anafeli somo lako, mbele ya macho yako, nawe unamwombea arudishiwe karatasi aanze upya!

Pidcock alieleza baadaye kwamba hakutaka kunufaika na kuanguka kwa mwenzake. Watangazaji wakashangilia uungwana. Nimeshalalamika hapa mara nyingi kuhusu watangazaji hawa, ambao kila anayepunguza mwendo wanamvisha joho la utakatifu. Ukicheka na nyani utavuna mabua, na mabua yalivunwa siku hiyo hiyo: Pogačar, bega na mkono vikiwa vimechubuka na jezi imechanika, alirudi, akakaa nao, akapumua, akaondoka. Pidcock akafika mstari wa mwisho, Piazza del Campo, akiwa nyuma kwa dakika 1 na sekunde 24.

Wapo watakaosema angekamatwa tu. Pengine. Lakini hesabu ya siku hiyo ilikuwa upande wake kuliko siku nyingine yoyote atakayoipata. Alikuwa na Swift, mtu waliyekuwa timu moja mpaka mwisho wa 2024, mwenye kila sababu ya kusaidia kuvuta: aliyeanguka akirudi, Swift ndiye wa kwanza kuachwa. Wawili wanapokezana upepo, mmoja anafukuza peke yake, damu inamtoka, hajui kama baiskeli imepinda au la. Mwili ulioanguka mara nyingi hauhisi maumivu yote dakika za mwanzo. Unakakamaa baadaye. Kazi ilikuwa kumlazimisha asukume kwa nguvu zote. Mpe sekunde 30, ziwe 40, ziwe dakika, aanze kufikiria kama inafaa kuendelea. Swift avute mpaka aishe, kisha Pidcock aende mwenyewe. Na umbali huo hakuwa mgeni nao: mwaka 2023 aliishinda mbio hii hii kwa kuondoka kwenye mteremko wa Monte Sante Marie zikiwa zimebaki karibu kilomita 50, akafika Siena peke yake.

Kuna jambo lingine ambalo Pidcock alipaswa kulijua kuliko sisi. Pogačar hashindwi kwa nguvu. Waliosimama barabarani Kigali Septemba ya mwaka huo huo walimwona akiondoka zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, na bado akachukua ubingwa wa dunia. Mtu wa aina hiyo hukosea mara chache mno kwa msimu. Msimu wa 2025 kosa la pili lilikuja Aprili, Paris–Roubaix, alipoiingia kona vibaya zikiwa zimebaki kilomita 38 na kujikuta kwenye uzio. Aliyekuwa naye siku hiyo ni Mathieu van der Poel. Van der Poel hakugeuza shingo. Alikwenda, akashinda Roubaix ya tatu mfululizo, na sijasikia mtu yeyote aliyemwita mhuni.

Wanaotetea kusubiri hupenda kunikumbusha Jonas Vingegaard, Tour de France ya 2022, alipomngoja Pogačar aliyeanguka kwenye mteremko wa Spandelles, wakapeana mikono. Kitendo kizuri, na cha bei nafuu. Vingegaard alikuwa na jezi ya njano ya kiongozi na akiba ya zaidi ya dakika mbili. Kwake kusubiri kulikuwa kuilinda akiba kwa heshima. Siku hiyo hiyo akaenda kushinda Hautacam. Mbio za siku moja hazina akiba. Kesho haipo, na ukigawa ulichonacho leo umekwisha kugawa vyote. Sheria isiyoandikwa ya kumsubiri aliyeanguka ina maana kwenye mbio za wiki tatu.

Hata Fabian Cancellara, ambaye Pogačar alimfikia kwa idadi ya ushindi wa Strade Bianche mwaka 2025, aliijua tofauti hii. Tour ya 2010, siku ya kufika Spa, wenzake walipoanguka, aliutuliza msafara mzima kwa mkono akitoa jezi ya njano ili Andy Schleck arudi. Kesho yake, kwenye mawe ya kuelekea Arenberg, watu wakianguka nyuma yake, ndugu wa Schleck akiwemo, Cancellara aliinamisha kichwa na kuvuta kama hana masikio. Mwanya ukapanuka, Andy akapata muda, yeye akarudishiwa jezi. Alisubiri palipolipa, akaenda palipolipa. Huyo ndiye aliyeshinda Strade Bianche 2008, 2012 na 2016, mara ya mwisho akimmaliza mpinzani wake Štybar kwenye mawe ya Via Santa Caterina, muda mfupi kabla ya uwanja.

Na kama mnataka mfano wa barabara hizi hizi, uko Montalcino, ule mji wa juu ya kilima ambako wakimbizi wa Siena waliishikilia jamhuri yao miaka minne baada ya mji wao kuanguka 1555. Giro ya 2010 ilifika pale kwenye mvua, changarawe imekuwa tope, wapanda baiskeli hawajulikani ni wa timu gani. Vincenzo Nibali, mwenye jezi ya waridi ya kiongozi, alianguka. Jezi ya waridi! Cadel Evans na Alexandr Vinokourov waliendelea kana kwamba hawakuona. Evans akashinda hatua, naye siku hiyo alikuwa na jezi ya upinde wa mvua chini ya lile tope. Vinokourov akaondoka na ya waridi. Nibali akahesabu hasara yake hotelini. Picha za siku hiyo bado zinatundikwa ukutani, na walio kwenye picha ni wale ambao hawakusimama.

Sehemu ya lawama naipeleka kwa waandaaji, na wasomaji wa zamani watanivumilia. Mwaka 2024 walipoirefusha mbio kutoka kilomita 184 hadi 215, wakirudia Colle Pinzuto na Le Tolfe mara ya pili, ujanja ulipungua thamani. Mwaka 2025 changarawe ilifika kilomita 81.7. Ukiongeza ugumu unaongeza pengo kati ya mwenye nguvu na wengine, na mwaka 2024 tulishuhudia mtu akiondoka kilomita 81 kabla ya mwisho huku wengine wakigombea nafasi ya pili. Katika mbio iliyotengenezwa hivyo, kona ya lami ni miongoni mwa sehemu chache zilizobaki ambapo fundi anaweza kumshinda mwenye mapafu.

 

Pidcock alisifiwa kwa nafasi ya pili akiwa na timu ndogo ya Q36.5, msimu wake wa kwanza baada ya kuondoka timu ya INEOS. Sifa hizo ni haki yake kwa kilomita 163 za mwanzo. Timu ndogo haina watu wa kumchosha Pogačar. Ilichokuwa nacho Machi ile ni kona moja, na mwendesha baiskeli anayejua kuipita.