Katiba, desturi na lugha inayotawala

KILA siasa zinapopamba moto nchini, utamsikia mwanasiasa akifoka: "Hebu nionyeshe imeandikwa wapi kwenye katiba!" Asili ya neno lenyewe inamuunga mkono. 'Katiba' linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye dhana ya kuandika, mzizi uo huo uliotupa kitabu, katibu na maktaba. Katiba kwetu ni maandishi kwanza, sheria baadaye.

Ajabu ni kwamba Waarabu wenyewe hawaiiti hivyo. Wao husema 'dustur', neno walilolipata kutoka kwa Waajemi. Chama cha Destour, kilichoanzishwa Tunisia mwaka 1920 kudai katiba wakati wa utawala wa Wafaransa, kilibeba jina hilo. Nasi tunalo neno hilo: ndilo 'desturi'! Kwao ni sheria kuu ya dola. Kwetu ni mazoea ya harusi, matanga na kuwaamkua wazee.

Wazungu nao walipita njia yao. Neno lao linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusimamisha au kuweka imara. Katika dola la Warumi, 'constitutio' ilikuwa amri ya kaisari. Yaani chombo tunachotumia leo kumfunga mtawala mikono kilianza kama kauli yake mwenyewe. Kinaya kilioje!

Kwa hivyo siwaungi mkono wanaodai eti Uingereza haina katiba kwa kuwa haina waraka mmoja wenye jina hilo. Wamenaswa na mzizi wa neno. Tangu 1708 hakuna mfalme wala malkia wa huko aliyekataa kuidhinisha mswada uliopitishwa na bunge. Kinachowazuia ni mazoea. Hiyo ni dustur, na ni desturi pia.

Sisi Wakenya tulichagua maandishi. Sawa, lakini maandishi ya lugha gani? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ukifululiza hadi Kifungu cha 259, unaambiwa kwamba matoleo ya lugha tofauti yakikinzana, la Kiingereza ndilo litakalotawala. Mwananchi anayeisoma kwa Kiswahili basi anasoma katiba mpaka siku ya mzozo. Siku hiyo anageuziwa kibao na kuambiwa alikuwa akisoma tafsiri tu. Huo urasmi ni wa aina gani?

Wala kulirekebisha hili si kazi ya kutupeleka debeni. Kifungu hicho hakimo kwenye orodha ya mambo ambayo Kifungu cha 255 kinataka yapigiwe kura ya maamuzi. Wabunge wetu, ambao hutuomba kura kwa Kiswahili, wanaweza kukirekebisha wenyewe.