Kapteni Ana Kaburi, Mpagazi Je?

Nyie waandishi chipukizi wenzangu wa Shinyanga, Kahama na Geita, hebu leo tuhakiki kifo. Si cha kubuni. Ni kifo cha kweli ambacho kimeandikwa mara nyingi mno.

Kapteni Frederick Courteney Selous, mwindaji na mwandishi Mwingereza, aliuawa kwa risasi kule Beho Beho, upande wa Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, akipigana na Wajerumani. Alikuwa na umri wa miaka 65. Kufikia 1918 J. G. Millais alishatoa kitabu kizima juu ya maisha yake. Baadaye pori la akiba likapewa jina lake, na sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kaburi lake lipo hukohuko.

Ukitaka kutafiti kifo hiki, kazi ni rahisi. Siku, mahali, cheo, umri, vyote vinakusubiri. Na hapo ndipo mtego ulipo, jamani. Mimi mwenyewe nilinasa. Niliandika hadithi ya kurasa 12 juu ya Kapteni huyu, nikaisoma kwenye kikundi chetu, wenzangu wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akaniuliza kwa upole:

"Mjukuu wangu, huyo bwana mkubwa mizigo yake alibeba nani?"

"Wapagazi, babu."

"Wanaitwa nani?"

Nikabaki kimya. Katika kurasa zote 12, hakuna mpagazi hata mmoja aliyefungua mdomo.

Tukirudi kwenye fani, kosa langu ndilo kosa la simulizi nyingi za Kiingereza za kifo hiki. Humtaja Ramazani, mbeba bunduki wa Selous, kwamba alipoona bwana wake kaanguka aliwarukia maadui kwa hasira. Sentensi mbili, basi. Hana baba, hana kijiji, hana mke. Kawekwa pale ili tujue bwana alipendwa. Kwa lugha yetu ya uhakiki, huyo ni mhusika bapa, wakati alikuwa mtu mzima na akili zake.

Tusidhani pia kwamba vita hivyo ni mambo ya Rufiji tu. Julai 1916 Waingereza waliteka Mwanza, kisha wakateremka kupitia Shinyanga kuelekea Tabora. Wabelgiji wakawawahi, wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Sasa niambie, mizigo ilitembea yenyewe? Wasukuma na Wanyamwezi waliibeba, hawa kwa Mjerumani, wale kwa Mwingereza. Hata jina la Kariakoo pale Dar limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Yupo aliyetuonyesha njia. Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020, anamfanya askari aliyepotea, Ilyas, kuwa swali la familia nzima. Dada yake anangoja miaka na miaka, na mwishowe ni mtoto wa dada huyo anayekwenda kufukua nyaraka Ujerumani. Nguvu ya kitabu iko hapo: utafiti unaanzia kwenye uchungu wa mtu wa nyumbani, hauanzii kwenye cheo. Dosari ninayoiona mimi ni kwamba hata humo macho yetu yanakaa zaidi kwa askari kuliko kwa mpagazi. Kwa hiyo nafasi bado ipo, ni yetu.

Wenzetu wa Geita wanayajua magwangala, yale mawe ambayo mgodi mkubwa umeyatupa kwa kuyaona hayana faida. Watu huyaponda, huyaosha, na dhahabu hupatikana. Basi vitabu vya maafisa navyo visomeni hivyo. Msivichome moto. Tafuteni ile sentensi ya pembeni: wapagazi waliougua, njia waliyopita, chakula walichokosa. Halafu rudini nyumbani mkaulize. Pale jina lisipopatikana, msilibuni mkalipachika kama ukweli. Mwacheni mhusika wenu alie kwamba halipatikani.

Hadithi yangu nimeichana, naiandika upya. Yule mzee alinipa jina moja, la ndugu wa babu yake, aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi. Kaburi halijulikani. Jina lake ndilo neno la kwanza la ukurasa wa kwanza. Kapteni anaingia ukurasa wa nne, na nyuma yake kuna mtu kabeba kitanda chake.