Ala Bila Maneno: Kutoka “Party Sequence” hadi Kodiani ya Idi Amin

Mwaka 1969 bendi ya roki ya Uingereza, Pink Floyd, ilitunga muziki wa filamu ya More iliyoongozwa na Barbet Schroeder. Miongoni mwa tungo hizo ni “Party Sequence”, wenye urefu wa zaidi kidogo ya dakika 1: ngoma za mkono na filimbi, bila neno lolote. Schroeder hakutaka muziki wa kumwelekeza mtazamaji ahisi nini. Alitaka usikike kana kwamba unatoka ndani ya tukio lenyewe, redioni au karamuni. Katika hilo utungo huu umefaulu. Hauwasifu vijana wa karamuni wala hauwahukumu.

Baadaye Schroeder alikuja Uganda kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu Rais Idi Amin, iliyotoka mwaka 1974. Mbinu ni ileile, ila safari hii mpiga ala ni mhusika mwenyewe: Amin anapiga kodiani, na filamu inamtaja kuwa ndiye mwenye muziki.

Makala haya yanashikilia kwamba mbinu iliyofaa karamuni haitoshi Ikulu. Mtetezi wa Schroeder atasema kwamba uchangamfu wa kodiani, ukiwekwa kando ya mazoezi ya kijeshi na kikao cha mawaziri, unamfichua mtawala. Ni kweli, lakini unamfichua mbele ya anayejua tayari. Mkazi wa Jinja aliyeona maduka ya Waasia yakifungwa baada ya amri ya 1972 husikia kejeli. Kijana aliyezaliwa baada ya 1979 huenda akasikia bashasha tu.

Hapa Mbale, kando ya mto Nabuyonga, jambo hili halihitaji nadharia ya mbali. Ngoma za kadodi zikilia katika mwaka wa shufwa, Mmasaba hutambua kwamba msimu wa imbalu umewadia. Mgeni husikia mdundo mzuri wa kuchezea. Ala hazisemi, msikilizaji ndiye anayezisemesha kwa yale aliyorithi.

Hivyo basi, wanaoandaa mitaala na wanaosimamia hifadhi za filamu wasiionyeshe filamu hii peke yake. Iambatane na ushuhuda wa wazee walioziishi siku zile, uliorekodiwa kwa lugha zao na kwa Kiswahili wangali hai. Kodiani itaendelea kusikika. Wanaopungua ni wale wawezao kueleza ilipigwa katika nchi ya namna gani.