Nyuma ya Msalaba: Kupima Nishani za Kale za Shirika la Kristo

Katika miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, ambako dhahabu hupimwa kwa mizani, kwa jiwe la kujaribia na kwa asidi, ujuzi wa madini ni mkubwa. Lakini ujuzi huo peke yake hautoshi mbele ya nishani ya kale ya shirika la kidini la kijeshi, yaani chama cha mashujaa walioapa kuitumikia dini kwa silaha, kwa kuwa thamani yake imo zaidi katika mkono wa sonara kuliko katika gramu.

Shirika lililo karibu zaidi na historia ya Kongo ni Shirika la Kristo la Ureno, lililoanzishwa mwaka 1319 chini ya Mfalme Dinis ili kurithi mali ya Watemplari, shirika la aina hiyo lililokuwa limevunjwa, nchini humo. Alama yake, msalaba mwekundu wenye msalaba mwembamba mweupe ndani yake, ilivaliwa na wakuu wa ufalme wa Kongo, upande wa magharibi, karne kadhaa kabla Mapadre Waasumpsionisti hawajafika katika nchi ya Wanande, yaani eneo la Butembo na Beni, mwaka 1929.

Kipimo cha kwanza ni enameli, yaani unga wa kioo uliotiwa rangi na kuyeyushwa kwa moto juu ya dhahabu. Enameli ya kweli ni baridi mkononi na ngumu, na chini ya kioo cha kukuzia huonyesha viputo vidogo na wekundu wenye kina. Pale ilipobanduka, dhahabu iliyo chini huonekana mara nyingi ikiwa imekwaruzwa kwa makusudi ili kioo kishike. Rangi ya plastiki iliyojazwa baadaye ni laini, na wekundu wake ni bapa, hauna kina. Kasoro ya kale iliyoachwa wazi ni bora kuliko kiraka kinachong'aa.

Kisha nishani igeuzwe, kwani upande wa nyuma hausemi uongo kwa urahisi. Katika karne ya 18 mafundi wa Ureno waliweka garneti, topazi au almasi ndani ya vikombe vya fedha au dhahabu vilivyofungwa nyuma, na chini ya jiwe wakatandika jani jembamba la madini ili lirudishe mwanga. Mawe hayo yalikatwa kwa mkono, kwa hiyo yakilingana kabisa yote ni sababu ya kutia shaka. Maji huingia kikombeni na kulitia jani weusi usiofutika: nishani hiyo haioshwi kamwe, na asidi ya mnunuzi wa dhahabu, ambayo pia hudhuru enameli, isiikaribie. Pete ya kuning'inizia nayo ichunguzwe, maana iliyovaliwa miaka mingi huwa imelika upande wa ndani, mahali palipobeba uzito.

Umri wa nishani huonekana katika sehemu yake ya juu. Mwaka 1789 Malkia Maria wa Kwanza wa Ureno aliyarekebisha mashirika ya nchi yake, na Moyo Mtakatifu ukawekwa juu ya nishani za ngazi za juu. Hivyo nishani yenye moyo, inayouzwa kuwa ya karne ya 17, ama ni ya baadaye ama imeongezewa. Nyongeza hiyo, ikiwa lehemu ya kuunganishia ni ya zamani na kazi ni safi, haipunguzi heshima ya kitu, kwa sababu inaonyesha kuwa kiliendelea kuvaliwa baada ya amri kubadilika.